Dume wa nondo asiyejulikana: ushahidi kwanza, maelezo baadaye

Wako nondo wa Afrika Mashariki ambao jina lao la kisayansi linamtegemea jike mmoja tu, aliyechomwa pini zamani na kulazwa kwenye droo ya makumbusho London au kwingine Ulaya. Chini ya jina hilo maandishi yanasema: dume hajulikani. Kisha usiku mmoja pale Isecheno au Buyangu, ndani ya msitu wa Kakamega, dume anatua kwenye shuka lililotundikwa mbele ya taa. Rangi inakaribia, ukubwa unakaribia, na mkono unawasha kuandika. Kumweleza dume huyo ni kazi ya siku chache kwa mwenye hadubini nzuri. Kinachokula msimu mzima, pengine miaka, ni kuthibitisha kwamba ni dume wa jike yule. Hiyo ndiyo kazi inayorukwa, na ndiyo tunayoieleza hapa kwa urefu.

Nondo dume na jike wanaweza kutofautiana mno. Linnaeus alipompa nondo mmoja wa Ulaya, anayeitwa leo Lymantria dispar, jina la spishi dispar mwaka 1758, neno hilo la Kilatini, lenye maana ya wasiolingana, lilimfaa: dume ni kahawia na mwembamba, jike ni mweupe na mzito. Hapa kwetu Gonometa postica, yule wa hariri ya porini ya Mwingi, jike wake ni mkubwa kuliko dume kwa kiasi kwamba hata kifukofuko kinakutambulisha aliyemo. Na wale viwavi wanaojishonea mifuko ya vijiti na kuning'inia matawini, jamii ya Psychidae, majike wa spishi nyingi hawana mabawa kabisa. Wengi wao hutaga humohumo mfukoni. Ukiwalaza dume na jike wa spishi kama hizo kwenye ubao mmoja, hakuna jicho litakalowaunganisha.

Kwa nini dume akosekane, wakati kwenye taa madume ndio huja kwa wingi katika spishi nyingi? Sababu ya kwanza ni saa. Wako madume wanaoruka mchana, au kwa dakika chache tu jioni au kabla ya alfajiri, na mtego ukiwashwa saa moja na kuzimwa saa nne usiku hutawaona. Ya pili ni msimu: mara nyingi madume hutangulia kutoka kwenye pupa, na anayefika msituni wiki mbili baada ya mvua kuanza anakuta majike tu. Ya tatu ndiyo ya kuchunguzwa kabla ya nyingine zote: dume yupo siku zote, amelala kwenye droo nyingine kwa jina jingine. Kuna na ya nne, ya nadra, kwamba dume hayupo, maana baadhi ya Psychidae huzaana bila dume.

Kwa hiyo safari ianzie kwenye droo. Makumbusho ya Taifa Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Omba kuona jenasi nzima, siyo spishi yako peke yake, pamoja na sanduku la wasiotambuliwa. Beba kioo cha kukuza cha mara 10 na uanze kwa kuhakikisha jinsia, kwa sababu lebo za zamani hukosea hapo pia. Geuza nondo umtazame kwa chini, shinani mwa bawa la nyuma, ukingo wa mbele. Utaona unywele mgumu unaochomoza kwenda mbele na kushikwa na kishikizo chini ya bawa la mbele. Huo ni frenulumu. Kwa dume ni mmoja, mnene, unang'aa kama sindano ya plastiki. Kwa jike ni nywele mbili, tatu au zaidi, nyembamba, zimelala pamoja kama ufagio mdogo. Alama hii haisumbuliwi na rangi iliyofifia wala tumbo lililovunjika. Haifanyi kazi kwa nondo wa jamii ya Saturniidae na wengi wa jamii ya Lasiocampidae, ambao hawana frenulumu. Kwa hao angalia vipapasio, kwani vya dume vina matawi marefu kama unyoya na vya jike ni vyembamba.

Lebo za zamani zinahitaji kusomwa kwa historia. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Ziwa Victoria hadi karibu na Naivasha ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Nondo wa kabla ya hapo aliyeandikwa „Uganda” anaweza kuwa wa Mumias, Kisumu au Nakuru. „Port Florence” ni Kisumu. „Kavirondo” ni neno pana lililofunika nchi ya Waluhya na ya Wajaluo, kwa hiyo halikuelekezi popote bila mwinuko au jina la mto. Ni jambo zito kwa sababu utahitaji majike wapya kutoka mahali alipotoka yule wa kwanza, au karibu napo, katika mwinuko uleule na msitu wa aina ileile. Nondo wa Kakamega, kwenye mita 1500 hadi 1700, si lazima awe wa Nandi juu zaidi, hata kama ni mwendo wa saa moja tu kwa gari.

Sasa mnyororo wenyewe wa ushahidi. Jike wa kwanza, yaani holotaipu, hagusiki: mara nyingi amepita miaka mia, haukatwi mguu wake bila ruhusa, na DNA yake imekatikakatika vipande vifupi. Humlinganishi moja kwa moja na dume wako mpya. Unajenga daraja la pingili mbili. Pingili ya kwanza: jike mpya dhidi ya holotaipu. Hawa ni jinsia moja, viungo vyao vya uzazi vinalinganishwa ana kwa ana, kiungo kwa kiungo, na hapo jina linashikamana na jike mpya. Pingili ya pili: jike mpya dhidi ya dume mpya, kwa kulea, kwa kuwakuta wamepandana, au kwa DNA. Pingili moja ikikosekana, dume wako anaelea.

Waandishi wengi hukwama kwa kudhani viungo vya uzazi vya dume vinathibitisha uhusiano na jike. Havithibitishi. Dume na jike hawana kiungo hata kimoja cha uzazi kinachofanana cha kulinganishwa, kusema umbo la kimoja „linaingia” kwenye kingine ni dokezo tu. Viungo vya dume vinakuambia jenasi, na vinamtenga na madume wa spishi jirani. Vinavyofanana kwa jinsia zote mbili ni vingine: mpangilio wa mishipa ya mabawa, doa la katikati ya bawa, michoro ya upande wa chini, vipapasio vidogo vya mdomoni, idadi ya miiba ya miguuni. Anza na hivyo. Mishipa ikifunikwa na vigamba, dondosha ethanoli kidogo upande wa chini wa bawa. Kwa sekunde kadhaa mishipa itaonekana wazi, kisha pombe itakauka bila madhara.

Katika ushahidi wote tunauamini zaidi ule wa kulea. Jike anayekuja kwenye taa mara nyingi ameshapandwa. Mtie ndani ya mfuko wa karatasi wa khaki, ukunje mdomo, umwache gizani usiku mbili tatu. Atataga kwenye karatasi. Kata kipande chenye mayai, usiyabandue. Mayai ya wengi huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Jike mwenyewe muue, mpe namba, na namba hiyo iandamane na kila mtoto wake hadi mwisho. Watoto wakitoka madume na majike kwa mama mmoja, uhusiano umethibitika bila ubishi, na huo ndio utajiri wa njia hii.

Inapoharibika, huharibika kwenye chakula na unyevu. Kama mmea wanaoula haujulikani, weka majani ya aina tano sita tofauti kutoka pale ulipomnasa jike, vipande vidogo, uone yapi yanatafunwa ndani ya saa 24. Viwavi wa Saturniidae wengi hukubali mpera, na kwa hiyo mpera usikose. Badilisha majani kila siku. Mvuke ukijikusanya ukutani mwa kopo, viwavi wadogo huzama au huoza kwa ugonjwa. Tandika karatasi ya chooni chini na utoboe kifuniko. Usimguse kiwavi aliyetulia bila kula, kwani anajiandaa kujivua ngozi. Wanaojizika wape udongo wenye unyevu, kina cha sentimita 10. Anayetoka kwenye pupa apate kijiti cha kupanda na nafasi ya kuning'inia, la sivyo mabawa yatakauka yamejikunja, na dume wa kwanza kujulikana duniani atakuwa kilema. Pupa nyingine hulala hadi mvua ijayo. Zinyunyizie maji kidogo na uwe na subira. Vaa glavu ukilea wenye manyoya. Viwavi wa Anaphe panda, wale wanaojenga kiota kimoja cha hariri juu ya mti wa Bridelia micrantha hapo Kakamega, wana manyoya yanayowasha vibaya.

Jike aliyetoka kwenye pupa na hajakutana na dume ana matumizi mengine. Mweke kwenye kizimba cha wavu msituni, usiku wote na asubuhi, na uandike saa kamili dume anapofika. Harufu yake ndiyo inayowaita. Harufu ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa kikemia ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959, na mkemia Mjerumani Butenandt alihitaji majike wapatao nusu milioni kuipata. Kiasi kidogo mno humtosha dume. Ila dume aliyevutwa hajawa ushahidi kamili, kwa kuwa spishi za karibu huweza kushiriki sehemu ya harufu. Wakipandana, waue pamoja na uwape namba moja yenye herufi A na B.

Kuhusu taa, machache. Usiku usio na mwezi, shuka jeupe, taa ya urujuanimno inayotumia betri au ya zebaki yenye jenereta, kuanzia saa moja jioni hadi alfajiri, na saa ya kufika iandikwe kwa kila nondo. Mvua za kwanza za Machi huleta kumbikumbi wa kulifunika shuka lote; zima taa kwa muda, kwa kawaida wanapungua usiku ukisonga. Mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa jenasi Paederus akikutua shingoni mpulize, usimponde, maana majimaji yake huunguza ngozi.

DNA ni pingili inayosaidia pale kulea kuliposhindikana. Ng'oa mguu mmoja wa kulia, siku ileile, uutie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Usimuue nondo kwa ethili asetati kama unataka DNA, kwa sababu huiharibu, friza inatosha. Kipande kinachosomwa ni cha jeni ya COI chenye herufi 658. Jeni hii iko kwenye mitokondria, na mtoto wa kiume na wa kike wote huipata kwa mama, hivyo dume na jike wa spishi moja hulingana au hukaribiana sana. Lakini bakteria wa Wolbachia, wanaorithiwa kwa njia hiyohiyo ya mama, wanaweza kueneza mitokondria ya aina moja katika spishi mbili, au kuigawa spishi moja makundi mawili. Katika jenasi yenye spishi zinazokaribiana, soma pia jeni ya ndani ya kiini, au urudi kulea. Na usome madume wa spishi jirani zote za msitu huo: kufanana na jike wako kuna maana tu pale ambapo wengine wameonekana hawafanani naye.

Sasa upasuaji, ambao ndio kiini cha maelezo. Vunja tumbo kwa kulisukuma juu taratibu kwa kibanio. Liweke kwenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10: gramu 10, maji hadi mililita 100, na dawa ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya dawa. Ikikosekana, soda kali ya watengeneza sabuni inafanya kazi. Magadi tunayotia kwenye mrenda hayana nguvu ya kutosha. Liache usiku kucha katika joto la kawaida. Mwenye haraka huweka kichupa ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 10 hadi 15. Kwa mwinuko wa Kakamega maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi angalia kila dakika chache badala ya kuamini saa. Likitolewa mapema, mafuta hubaki na hutaona kitu. Likipitiliza, ngozi laini huwa kama utando wa maziwa na hupasuka ukiigusa.

Suuza kwa maji mara mbili, kisha pangusa vigamba kwa brashi iliyokatwa fupi, ukitoka mbele kwenda nyuma. Ncha ya tumbo ikiwa safi, utaona vipande viwili kama viganja vimefumbata: hizo ni valva. Kata ngozi kati ya pingili ya 8 na ya 9, uvute kifurushi chote nje bila kupinda. Pingili ya 8 usiitupe, kwani katika jamii nyingi ina umbo lake la kutambulisha. Juu kuna ndoano inayoitwa unkusi, ikiungana na paa la tegumeni. Chini kuna vinkulumu inayoishia kwenye sakasi. Katikati kuna mrija, yaani uume, umeshikwa na kibamba cha juksta. Utoe kwa kuuvuta kuelekea upande wa kichwa.

Ndani ya mrija kuna kifuko laini, vesika, ambacho kwa wengi kina miiba midogo. Idadi ya miiba, mahali ilipo na mikunjo ya kifuko ndivyo vinavyotenganisha spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine, na havisomeki kifuko kikiwa kimekunjwa ndani. Chukua sindano ya insulini ya duka la dawa, usugue ncha yake kwenye jiwe mpaka ipoteze ukali, uingize kwa nyuma ya mrija na usukume maji polepole. Kifuko kitajipindua nje kama kidole cha glavu. Kikishatoka chote, sukuma ethanoli kali ili kikakamae hivyo hivyo. Kisipotoka, usiongeze nguvu. Kirudishe kwenye dawa kwa dakika tano, kwa kuwa kawaida tatizo ni tishu zilizobaki ndani. Kikipasuka, andika kwamba kilipasuka na utumie dume mwingine.

Tia rangi ya eosini au klorazoli nyeusi kidogo, kisha piga picha kabla ya kuweka kwenye slaidi, viungo vikiwa ndani ya gliserini. Kioo cha juu kikishakandamiza, umbo la unkusi kutoka ubavuni limepotea daima. Valva zifunguliwe pande zote mbili, uume uwekwe pembeni yake. Gundi ya Euparal huchukua wiki kadhaa kukauka, na katika unyevu wa Kakamega zaidi. Slaidi na nondo wapewe namba ileile saa hiyohiyo, kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Katika kuandika, fuata mpangilio uliotumiwa na aliyemweleza jike, ili msomaji aweke kurasa mbili kando kwa kando: kichwa, vipapasio, kifua, miguu, bawa la mbele juu na chini, bawa la nyuma, tumbo, viungo vya uzazi. Pima urefu wa bawa la mbele kutoka shinani hadi nchani. Upana wa mabawa yaliyotandazwa hutegemea mkono wa aliyetandaza. Toa kipimo cha chini na cha juu, na idadi ya madume uliowapima. Usiseme „vipapasio vina matawi marefu”, sema tawi refu zaidi ni mara ngapi ya unene wa shina, na matawi yanakoma pingili ngapi kabla ya ncha. Rangi ieleze ya nondo mpya, kisha useme kama ni wa kulelewa au wa porini, kwani wa kulelewa huwa na rangi kali na pengine wadogo.

Sheria za majina zina mtego mmoja hapa. Dume wako si holotaipu, na si parataipu pia (yaani nondo wengine waliotajwa pamoja na holotaipu), maana kundi la taipu lilifungwa siku jike alipoelezwa. Hata neno alotaipu, la nondo wa jinsia ya pili, halina mamlaka yoyote juu ya jina. Jina linabaki la mwandishi na mwaka uleule. Na kama dume aligunduliwa akiwa tayari na jina lake mwenyewe, jina la zamani zaidi kati ya hayo mawili ndilo linaloshinda, hata kama ni la yule mwenye maelezo mabovu. Hapo lazima umekagua taipu zote mbili.

Vibali viombwe miezi mapema: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha rasilimali za kijenetiki, na ruhusa ya msitu wenyewe. Kakamega ina wasimamizi wawili, KWS (shirika la wanyamapori) upande wa Buyangu na KFS (shirika la misitu) upande wa Isecheno, na ruhusa ya mmoja haikuvushi kwa mwingine. Kutuma hata mguu nje ya nchi kunataka kibali chake. Madume uliowaeleza wagawe: wengi wao Nairobi, mmoja au wawili kwenye makumbusho alikolala holotaipu, wakalale droo moja na jike wao.

Lebo ya kila mmoja iandikwe kwa wino usioyeyuka kwenye pombe: Kenya, kaunti, mahali, nukta za ramani, mwinuko kwa mita, tarehe, saa ya kufika, taa au amelelewa, namba ya mama, namba ya slaidi, namba ya DNA. Kichupa cha gliserini, kama hukutengeneza slaidi, kichomwe kwenye pini ileile, chini ya lebo, kizibo kikitazama pembeni ili kisiguse bawa.